Breki za Land Cruiser mkonga: fungua nyuma kabla hujanunua pedi za mbele

Mkonga ukianza kuchelewa kusimama, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kubadilisha pedi za mbele. Zinabadilishwa, pedali inapata nafuu wiki mbili, kisha inarudi kulekule chini. Zinanunuliwa nyingine, safari hii za bei kubwa zaidi. Muda wote huo dramu za nyuma hazijaguswa tangu gari litoke bandarini.

Kwenye gari hili kasoro nyingi zinazojionyesha mbele huanzia nyuma. Breki za nyuma zikilala, za mbele hubeba kazi yote: pedi zinaisha upesi, diski zinapata joto kupita kiasi hadi usukani unatetemeka ukikanyaga, na pedali inashuka. Ndiyo maana maelezo haya yanaanzia kwenye ekseli ya nyuma.

Gari linalozungumziwa ni Land Cruiser 70 ya injini ya 1HZ (HZJ76, HZJ78 na pikapu ya HZJ79) yenye diski mbele na dramu nyuma. Hilux yenye dramu inafanana nalo kwa mengi. Kama mkonga wako una diski nyuma pia, ruka sehemu ya dramu, lakini usiruke ile ya valvu ya mzigo wala ya mafuta ya breki.

Vifaa si vingi. Jeki yenye uwezo wa kweli, stendi mbili za chuma, kabari nne za mbao, spana ya nati za tairi, spana ringi ya 10, soketi za 12, 14 na 17, boliti mbili za M8 zenye uzi wa 1.25, bisibisi bapa mbili, moja iwe nyembamba, plaizi ya kawaida na ya mdomo mrefu, brashi ya waya, msasa wa 80 au 120, venia (kipimo cha unene na kipenyo), mpira mwembamba unaoonesha ndani, chupa, dawa ya kusafishia breki, grisi inayohimili joto, na lita moja ya mafuta ya breki. Matofali hayamo kwenye orodha hii. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila dalili yoyote, na ukiwa umelala chini ya gari huna pa kukimbilia.

Uliza pedali kwanza

Kabla ya kufungua nati hata moja, tumia dakika tano kwenye kiti cha dereva. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ikandamize, halafu washa injini. Inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta, kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu kwa mvuto wa hewa, haipati nguvu: ama busta yenyewe imekufa, ama mpira wake umepasuka, ama pampu ya vakyumu imechoka. Injini ya dizeli haitoi mvuto wa hewa kama ya petroli, kwa hiyo pampu hiyo ikifa utabaki na pedali ngumu na gari lisilosimama hata ukiweka pedi mpya kila mwezi.

Ikishuka vizuri, endelea kuikandamiza kwa nguvu ileile kwa nusu dakika. Kama inazama polepole na hakuna mahali panapovuja nje, sili za ndani za masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, zimelika. Kama inabonyea bila kupata mahali pa kugota, kuna upepo kwenye mabomba. Na kama mkanyago wa kwanza unaenda chini sana lakini wa pili unapanda juu na kukaza, hiyo karibu kila mara ni nyuma: shuu, vile vipande vya mviringo vinavyotanuka ndani ya dramu na kuishika, ziko mbali na dramu, na mafuta ya mkanyago wa kwanza yanaishia kuzisogeza tu.

Ipo dalili moja inayowachanganya wengi. Pedali ni nzuri kwenye lami, lakini ukitoka kwenye barabara ya makorongo mkanyago wa kwanza unazama. Hapo angalia beringi za mbele. Habu, kitovu ambacho tairi hufungwa juu yake, ikiwa na mchezo, diski hupigapiga pedi na kuzirudisha ndani pamoja na pistoni, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unafanya kazi ya kuzirejesha mahali pake. Inua mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki, utikise tena: mchezo ukipotea, ni beringi za habu, ukibaki, ni beringi za nako, zile za juu na chini zinazobeba kona ya usukani.

Dramu

Egesha kwenye sakafu ngumu na ya usawa. Kabari ziwekwe kwenye tairi zote mbili za mbele, mbele na nyuma yake, kwa sababu hendi breki ya gari hili inashika tairi za nyuma na utalazimika kuiachia. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Jeki ikae chini ya ekseli, si chini ya chasisi, na stendi nazo zibebe ekseli. Weka gia huru ili tairi lizunguke.

Dramu ikigoma kutoka, nyundo si dawa ya kwanza. Ukipiga ukingo wa dramu ya chuma cha kusubu unaweza kuuvunja kipande. Dramu ina matundu mawili yenye uzi kwenye uso wake. Ingiza boliti zako za M8 humo na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, nayo itajisukuma yenyewe. Bado ikigoma, shuu zimeingia kwenye mfereji uliochimbika ndani ya dramu. Nyuma ya sahani ya breki kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Kiondoe, ingiza bisibisi nyembamba usogeze kile kijiti kinachozuia meno ya rekebisho (skrubu inayotanua shuu), kisha kwa bisibisi ya pili uyarudishe meno mpaka shuu zijikunje. Kizibo hicho kikipotea, matope yatapata mlango wa kudumu, kwa hiyo kitunze.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa wala mdomo. Shuu za zamani na nyingine za bei nafuu zinaweza kuwa na asbesto, na hata zisipokuwa nayo, vumbi hilo halifai kwenye mapafu. Lilowanishe kwa dawa ya breki au maji ya sabuni, liache litiririke kwenye beseni, ufute.

Sasa soma unachokiona. Ulowevu unaonuka harufu kali ya kiberiti ni oili ya difu, yaani ya gia za ekseli, na unatoka kwenye sili ya habu. Ulowevu usio na harufu hiyo, unaoyeyuka ukimwagiwa maji, ni mafuta ya breki kutoka wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma shuu. Inua ukingo wa mpira wa vumbi wa silinda kwa kucha: unyevunyevu kidogo unavumilika, lakini mafuta yakitoka, badilisha silinda au sili zake, na ufanye pande zote mbili.

Kwa oili ya difu, usikimbilie kununua sili kabla hujaangalia pumuo la ekseli. Ni kijikofia kidogo juu ya ekseli, au mpira unaopanda juu kutoka hapo, na kazi yake ni kutoa hewa inayotanuka difu inapopata moto. Matope yakikiziba, shinikizo linatafuta njia nyingine, na njia rahisi ni kwenye sili. Utaweka sili mpya leo, na baada ya mwezi oili itarudi kwenye dramu. Gari likiingia mtoni ekseli ikiwa na moto, kinyume chake hutokea: hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia sili zilezile. Oili ya difu yenye rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi kwamba yameshaingia.

Shuu au pedi iliyolowa oili haiponi. Zipo gereji zinazoimwagia petroli na kuichoma, nayo hutoka kavu na nzuri machoni. Oili iliyozama ndani ya laini, yaani tabaka la msuguano la shuu au pedi, itarudi juu siku ya kwanza breki zitakapopata joto, na upande mmoja utashika kuliko mwingine. Tupa.

Pima unene wa laini mahali palipo pembamba zaidi. Kikomo ni milimita 1, lakini anayefungua mwenyewe mara mbili kwa mwaka azibadilishe zikifika 2. Dramu nazo zina kikomo kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. Dramu ya kawaida ya nyuma ni milimita 295 ndani, na mwisho wake 297. Ukiipeleka kukerezwa, peleka zote mbili na uagize zitoke na kipenyo kimoja. Ikivuka 297 si ya kukerezwa tena.

Kuna wanaopenda kupigisha laini mpya kwenye shuu za zamani badala ya kununua shuu mpya. Kazi hiyo inaweza kuwa nzuri, ila ijaribu kabla ya kufunga: paka chaki ndani ya dramu, ibane shuu kwa mkono, izungushe kidogo, uangalie laini imechukua chaki wapi. Ikichukua ncha mbili tu au katikati tu, mviringo haulingani na dramu, na utakuwa na breki dhaifu na kelele mpaka ijilie yenyewe, kama itajilia. Laini ikalishwe kwa msasa mpaka iguse sehemu kubwa.

Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili ndio picha yako ya jinsi spring zinavyopandana, hata kama umepiga picha kwa simu. Sehemu za rekebisho zina uzi tofauti kulia na kushoto. Ukizichanganya, kila jaribio la kukaza litakuwa linalegeza, na utazunguka na tatizo hilo kwa muda mrefu bila kulielewa. Safisha uzi kwa brashi ya waya, paka grisi ya joto kidogo, hakikisha unazunguka kwa vidole. Kisha angalia vile vivimbe vya sahani ambavyo shuu hutelezea juu yake. Vikiwa na makovu shuu hunasa, kwa hiyo visugue kwa msasa na upake grisi nyembamba sana. Grisi isifike kwenye laini. Osha mikono kabla ya kushika laini mpya.

Kabla ya kurudisha dramu, pima kipenyo chake kwa ndani, kisha tanua shuu kwa kuzungusha meno mpaka kipenyo cha nje cha shuu kiwe pungufu kwa takriban milimita 0.6. Bila venia kubwa, nenda kwa majaribio: kaza, vika dramu, zungusha, mpaka usikie mkwaruzo mwepesi usiozuia tairi kuzunguka.

Hendi breki ndiyo inayorekebisha breki za nyuma

Hii ndiyo sehemu ambayo madereva wengi hawaijui, na ndiyo inayoua breki za nyuma za mkonga. Rekebisho la shuu kwenye dramu hizi hujikaza lenyewe kupitia hendi breki. Kila unapoivuta, kile kijiti kinasukuma jino ikiwa shuu zimekuwa mbali. Dereva anayeegesha kwa gia na jiwe mwaka mzima hajawahi kuzirekebisha breki zake za nyuma. Laini zinalika, nafasi inakua, pedali inashuka, na pedi za mbele zinalaumiwa.

Kwa hiyo baada ya kufunga, vuta hendi breki hadi juu na uiachie, tena na tena, huku mtu akisikiliza kwenye tairi. Utasikia mlio wa "tik" kutoka ndani ya dramu. Endelea mpaka mlio usisikike tena pande zote mbili. Hapo ndipo utajua rekebisho linafanya kazi. Lisipolia kabisa na shuu bado ziko mbali, rekebisho limeshika kutu au hendi breki haifiki.

Mara nyingi haifiki. Nyuma ya sahani ya breki waya wa hendi breki haushiki shuu moja kwa moja. Unavuta mkono mdogo wa chuma wenye pini, uliofunikwa kwa mpira. Mpira ukichanika, maji ya mto na matope huingia, pini inashika kutu, na mkono unaganda. Ukiganda ukiwa umelegea, hendi breki haishiki. Ukiganda nusu njia, shuu zinabaki zimeikwaruza dramu na tairi linapata moto. Ufungue, toa pini, isugue, paka grisi, weka mpira mpya. Ukiachia hendi breki mkono unapaswa kurudi wenyewe mpaka karibu na boliti yake ya kikomo, ukibakiza nafasi isiyozidi milimita moja.

Waya wa hendi breki huguswa mwisho kabisa. Anayekaza waya wakati shuu ziko mbali anapata hendi breki inayoonekana nzuri na rekebisho lililokufa, kwa sababu mkono umeshavutwa kabla ya kazi kuanza.

Valvu ya mzigo

Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba inayopanda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka, fimbo inasukuma, na valvu inaruhusu shinikizo zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu valvu inapunguza, ili tairi za nyuma zisijifunge na mkia ukachukua njia yake.

Tatizo ni kwamba mikonga mingi imeinuliwa. Umeongeza vibao kwenye kamani, au umeweka spring ndefu; chasisi imepanda milimita 50, na valvu inaamini gari halina kitu hata ukiwa umejaza saruji. Breki za nyuma hazipati shinikizo la kutosha hata zikiwa mpya. Suluhisho si gumu: kibano cha fimbo kwenye ekseli kiinuliwe kwa kiasi kilekile ambacho gari limeinuka, kwa kipande cha chuma chenye matundu mawili. Baada ya hapo jaribu gari likiwa tupu, kwenye changarawe, mahali pasipo na mtu: tairi za mbele zinapaswa kujifunga kabla ya za nyuma. Zikitangulia za nyuma, umeinua kupita kiasi.

Kuna mafundi wanaoiondoa valvu kabisa na kuunganisha bomba moja kwa moja. Usikubali. Pikapu tupu kwenye barabara ya mvua, breki za nyuma zikiwa na nguvu yote, inageuka kabla hujaelewa kilichotokea.

Sasa mbele

Mbele kazi ni fupi. Kalipa ya gari hili, yaani kibano kinachobana pedi kwenye diski, imefungwa imara na ina pistoni nne, mbili kila upande, kwa hiyo kubadilisha pedi hakuhitaji kufungua kalipa. Toa klipu, chomoa pini mbili, toa ile spring ya bapa, na pedi zinatoka kwa nyuma.

Toa pedi moja tu kwanza. Ukitoa zote mbili na kusukuma pistoni moja, nyingine tatu zinatoka. Unganisha mpira kwenye nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta na upepo, ifungue robo mzunguko, kisha sukuma pistoni taratibu kwa kutumia pedi ya zamani na bisibisi pana. Kwa njia hiyo mafuta machafu yaliyopikwa ndani ya kalipa yanaishia kwenye chupa badala ya kurudishwa juu kwenye masta silinda. Funga nipeli kabla hujaacha kusukuma. Pistoni isiyorudi kwa nguvu ya mkono imeshika kutu, na pedi mpya juu ya pistoni iliyonasa italika upande mmoja kama ile uliyoitoa.

Ndiyo sababu pedi za zamani zisitupwe kabla hazijasomwa. Ya ndani na ya nje zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, kuna pistoni iliyonasa. Ikilika kwa mshazari, angalia pini na mahali pedi inapotelezea. Upande wa kulia ukiisha kabla ya kushoto, shuku mpira wa breki uliovimba ndani: mafuta yanaenda lakini hayarudi. Kulihakikisha ni rahisi. Tairi likiwa limeng'ang'ania, fungua nipeli ya kalipa. Likiachia hapohapo, shinikizo lilikuwa limenaswa kwenye mpira au kwenye masta. Lisipoachia, ni pistoni.

Pedi zibadilishwe zikifika milimita 3. Safisha pini kwa msasa, zibaki kavu. Grisi ya joto ipakwe nyuma ya pedi na kwenye vibati vyake tu. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ukiupima kwa venia, pima ndani kidogo ya ule mkunjo wa kutu wa ukingoni, usije ukapima kutu.

Kubadilisha diski yenyewe ni kazi ya siku nyingine. Diski ya mkonga imefungwa nyuma ya habu, kwa hiyo frihabu (kifaa cha kwenye habu kinachounganisha tairi la mbele na 4x4), nati za beringi (soketi ya milimita 54) na habu nzima lazima zitoke. Ukifika huko weka grisi mpya na sili mpya hapohapo. Na ukikuta grisi ya nako imekuwa nyepesi na inatiririka kwenye lile duara la chuma nyuma ya tairi, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu imechanganyika nayo; isipotengenezwa, safari yake inaishia kwenye diski.

Dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na namba ya chasisi na pedi ya zamani mkononi. Kisha soma ukingo wa pedi mpya. Mwishoni mwa mstari wa namba mara nyingi utakuta herufi mbili, kwa mfano EE, FF au GG. Ya kwanza ni msuguano wa hali ya kawaida, ya pili ni wa joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari linalopita tani tatu likijaa, EE haifai hata ikiwa bure. Chagua FF au zaidi. Pedi isiyo na maandishi yoyote irudi kwenye rafu.

Mafuta ya breki na kutoa upepo

Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na ukikaa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hewa yenyewe ina maji ya kutosha. DOT 3 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 205; ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mtu anayeshuka Kitonga au kutoka Lushoto kwenda Mombo na mzigo, mguu ukiwa kwenye breki, anaweza kufikisha joto hilo kwenye kalipa. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inafika sakafuni bila gari kujali. Breki zikipoa zinarudi, ndiyo maana gereji hawaoni kosa. Mafuta yabadilishwe kila miaka miwili au kilomita 40,000, na mteremko ushukwe kwa gia ileile ambayo ungepandia.

DOT 3 na DOT 4 huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, usiitie. Oili ya injini, ya haidroli au dizeli ndani ya mfumo huu huvimbisha kila mpira kuanzia masta hadi wili silinda, na hapo hakuna cha kuokoa: mipira yote inabadilishwa. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa usukani wa kulia ni kushoto nyuma, kisha kulia nyuma, kushoto mbele, kulia mbele, na mwisho valvu ya mzigo kama ina nipeli. Vika spana ringi kwanza, halafu mpira, ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Aliye ndani anakanyaga polepole na kushikilia, wewe unafungua robo mzunguko, mafuta yanatoka, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inavutwa na mnaanza upya. Endeleeni mpaka mafuta yatoke masafi na bila povu. Chungu cha mafuta kilicho juu ya masta silinda kisishuke chini ya alama ya MIN hata mara moja.

Kwenye gari la zamani weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sili za masta silinda zimezoea kutembea sehemu ileile miaka yote, na mbele ya hapo kuna kutu na uchafu. Ukizipeleka huko zinachanika, na gari lililoingia kutolewa upepo linatoka likihitaji masta mpya. Nipeli nazo hazihitaji nguvu: Nm 11 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ikiwa imeganda, dawa ya kutu na subira ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kalipa.

Bomba la chuma lililotoboka lisibadilishwe kwa bomba la shaba tupu la friji. Linapindika vizuri na linashawishi kwa urahisi wake, lakini mtikisiko wa barabara hulichosha na kulipasua. Tafuta bomba la breki la chuma au la kuproniko (mchanganyiko wa shaba na nikeli), ncha zake zikunjwe mara mbili.

Kabla ya kurudi barabarani

Kanyaga pedali mpaka ipande kabla ya kuwasha na kuondoka. Pistoni zilizosukumwa ndani bado ziko mbali, na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Nati za rimu ya chuma ya stadi tano zikazwe kwa Nm 209, kwa kupishana, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pedi na shuu mpya zinahitaji kukalishwa. Kwenye barabara tupu, kimbia kilomita 60 kwa saa, punguza hadi 15 kwa mkanyago wa wastani bila kusimama kabisa, acha zipoe kidogo, rudia mara nane au kumi. Usisimame na kuzikandamiza zikiwa na moto, kwani pedi huacha alama yake kwenye diski na mtetemo huanzia hapo. Kisha simama bila kutumia breki sana na upeleke mkono karibu na kila rimu, bila kugusa. Za mbele ziwe na moto unaolingana, za nyuma vuguvugu. Nyuma zikiwa baridi kabisa, rudi kwenye valvu ya mzigo na meno ya rekebisho.

Ukivuka mto, endesha mita mia moja ukiwa umegusa breki kidogo ili zikauke. Ukivuka matope yaliyofika kwenye ekseli, fungua dramu wiki hiyohiyo uzioshe. Mchanga ulionaswa humo haupati njia ya kutoka, na utasaga laini, dramu na mipira ya wili silinda kila unapokanyaga.